Kongosho Namba Saba

Jumatatu, 9 Juni

Mkuu wa shule katangaza: mkaguzi anakuja wiki hii. Atakaa nyuma ya darasa amsikilize kila mwalimu wa biolojia, mada moja kwa wote, mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Atakayemridhisha ndiye mkuu mpya wa idara. Tupo wawili tu, mimi na Madamu Rula. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu hata mkate anaupima kabla ya kuukata. Miaka kumi na mmoja nimegawana naye meza moja. Mkuu wa idara ana ofisi yake mwenyewe. Ina mlango. Nautaka mlango ule jamani!

Jumanne, 10 Juni

Nimepata akili. Maabara ina sanamu moja la plastiki, kiwiliwili kinachofunguka tumboni. Viungo vyote vinachomoka, kila kimoja na namba yake: ini, tumbo la chakula, utumbo mwembamba, utumbo mpana. Kongosho ni namba saba. Kidude cha njano, kirefu kuliko kidole, kimejibana nyuma ya tumbo. Madamu Rula anafundisha kesho, mimi keshokutwa. Asipolikuta atababaika mbele ya mkaguzi. Zamu yangu ikifika litakuwa limesharudi mahali pake. Safi kabisa.

Mchana walimu walipokwenda kula, niliingia maabara. Namba saba mfukoni! Nikawahi chakula kikiwa bado cha moto.

Jumatano, 11 Juni

Mambo yamekwenda mrama.

Niliomba kukaa kando ya mkaguzi, nikidai nataka kujifunza kwa mwenzangu. Akanisifu kwa unyenyekevu wangu. Madamu Rula akatoa ini. Akatoa tumbo. Akakuta pengo. Akachungulia ndani. Nikajiegemeza kitini nifaidi.

Kisha mwanamke yule akawageuzia wanafunzi sanamu! Akawauliza ni kiungo gani hakipo, na mtu huyu akila mayai ya kukaanga leo, shida itaanzia wapi. Mikono ikajaa hewani. Binti wa dawati la mbele akasema mafuta hayatasagika vizuri kwenye utumbo mwembamba, mengi yatatoka kama yalivyoingia. Darasa zima likacheka. Mwingine akadakia kwamba sukari nayo itapanda kwenye damu. Mkaguzi akajaza ukurasa mzima. Kipindi kilipoisha akamuuliza kama alipanga vile. Akajibu hapana, kongosho limepotea, naye angependa sana kujua liko wapi. Alikuwa ananiangalia mimi. Au ukuta.

Nyumbani balaa jingine. Mke wangu alipekua mifuko ya suruali kabla ya kufua, akaniuliza hiki kidude ni nini. Nikamjibu ni kifaa cha kazi. Kumbe kakiosha kwa maji ya moto, kampa kitinda mimba wetu wa miezi tisa, anayeota meno. Nilimkuta anakitafuna kwa bidii zote. Kumnyang'anya ilikuwa vita. Alilia mpaka jirani akagonga ukuta.

Alhamisi, 12 Juni

Nilifika shule kabla ya mlinzi kufungua geti. Namba saba nikaichomeka mahali pake. Darasani nikaanza vizuri, mdomo, mate, umio. Mkaguzi akanikatiza. Alisema amesikia kongosho limeonekana, akaomba alishike.

Akaligeuza. Vishimo vinne vya meno, viwili juu, viwili chini. Mkuu wa shule, aliyekaa nyuma pamoja na Madamu Rula, akasema maabara ina panya. Nikaunga mkono haraka, nikaongeza kwamba niliwahi kumwona, mkubwa mno. Madamu Rula akachomoa rula, akapima nafasi kati ya vishimo. Akasema panya hana meno ya hivyo. Haya ni ya mtoto mchanga, hajafikisha mwaka. Mkuu wa shule akauliza ni mwalimu gani ana mtoto wa umri huo.

Wanafunzi wote wakanigeukia. Juzi juzi tu niliwaonyesha picha yake! Sikufika hata utumbo mpana.

Ijumaa, 13 Juni

Madamu Rula ndiye mkuu wa idara. Mimi nimepewa barua ya onyo. Mkuu wa shule alitaka kunihamisha, yeye akanitetea, eti kufundisha naweza, tatizo ni utoto. Kisha akanikabidhi ufunguo wa kabati la sanamu. Alisema aliyekosea mara moja ndiye atakayekuwa mwangalifu. Niliona aibu, tena aibu ya kweli. Kama dakika kumi hivi.

Muhula ujao mkaguzi anarudi kutafuta makamu mkuu wa shule. Ofisi ya makamu ina mlango na dirisha.

Nimekaa nikachambua kosa langu kwa utulivu, na nimelipata: kongosho ni dogo mno. Kwa hiyo leo nimekuja nyumbani na ini. Nimemjaribishia mtoto. Haliingii mdomoni.