Mstari Ulio Nyuma Yangu

Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Siku kubwa hapa mtaani Mbugangari! Tumeunda Mrengo wa Kimaendeleo ndani ya Chama cha Mapambazuko, tawi la Rubavu. Wanachama watatu. Mimi Gakwaya, mkodishaji wa mahema na viti vya harusi, kiongozi wa mrengo. Illuminée, anayevusha nyanya kwenda Goma kila asubuhi. Na Jado wa pikipiki, aliyekuja kwa sababu nilitaja Fanta.

Lengo letu ni kukivuta chama mbele. Mbele wapi, tutaamua. Illuminée ameshaamua. Anataka chama kidai chumba sokoni cha kuachia watoto wachanga, maana wenzake wanavuka mpaka na mtoto mgongoni na beseni kichwani. Nikasema sawa, tutaliweka hilo pia.

Mimi nataka jambo zito zaidi: kiti cha mjumbe wa mkutano mkuu, Kigali. Rubavu ina kiti kimoja tu. Miaka yote anakikalia Madamu Verediane, mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu. Uchaguzi ni tarehe 26. Nikikikosa, nitabaki mtu wa mahema mpaka nizikwe, tena chini ya hema langu mwenyewe.

Jumatano, 15 Oktoba

Kikao cha tawi. Nilimvaa Madamu bila huruma. Nikasema chama kimelala. Akasema ni kweli, kimelala. Nikasema akina mama hawasikilizwi. Akasema ni kweli, akaomba mfano. Sikuwa nao! Illuminée akainuka, akaeleza habari ya chumba. Madamu akasema wazo zuri, akaunda kamati ya kulichunguza. Illuminée yumo. Mimi simo.

Sijui utagombanaje na mtu asiyekataa kitu. Nimerudi nyumbani nimenuna. Mke wangu, Mutesi, akauliza nani kanikosea. Nikamwambia hakuna, na hiyo ndiyo shida.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mpango mpya. Mrengo wenye heshima zake lazima siku moja utoke ukumbini kwa hasira. Tulikubaliana: nikigonga meza, sote watatu tunainuka, tunatoka, chama kinatetemeka.

Leo kikaoni nikagonga meza. Nikatoka. Upepo wa ziwani ukanipiga usoni. Nikasubiri. Hakutoka mtu! Nikachungulia dirishani. Sambusa zilikuwa zimeingia kwa mlango mwingine. Jado alikuwa nazo mikono yote miwili. Illuminée amemsogelea Madamu, anamweleza habari za watoto wa sokoni.

Nilirudi ndani kufuata mwavuli wangu. Madamu alikuwa ameniwekea sambusa kwenye sahani, amezifunika zisipoe. Upole wa kuudhi. Nikazila zote, mwavuli nikausahau palepale.

Jado amejitetea: “Patron, mi nilizania unaenda mu toilette.” Illuminée hakujitetea hata kidogo.

Jumapili, 19 Oktoba

Baada ya misa Illuminée amepita dukani. Anang'aa. Kamati imekwenda sokoni, Madamu akaketi chini na wauza nyanya, mtoto akamtapikia kitenge, yeye akacheka tu. Anasema huyo mama anasikia.

Nikamfundisha siasa, kwa subira. Nikamweleza kuwa wakubwa wa chama huyameza mawazo ya mrengo wa kimaendeleo ili watulaze usingizi. Leo wanasema ndiyo, kesho wanasema wazo lilikuwa lao. Je, sisi tutakuwa tumekiongoza chama, au chama kimetutafuna?

Akaniangalia, mkono kiunoni. “Yewe, Gakwaya! Kama anaimeza na chumba inajengwa, shida iko wapi?”

Nikasema shida ni ya kimsingi. Akauliza ya kimsingi ndiyo gani. Nikamwambia nina wateja. Sikuwa nao.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimepata! Nimepata nikiwa naoga!

Chama chetu kinachagua kwa mstari, kama tunavyomchagua mkuu wa mudugudu, yaani mtaa. Wagombea wanasimama mbele, wanawapa watu mgongo, na kila mtu anakwenda kusimama nyuma ya amtakaye. Mgombea haruhusiwi kugeuka. Uwanja ni wa shule, mti hata mmoja hauna, na jua la saa saba linachoma utosi. Sasa, hema la kivuli ni la nani mji huu? La Gakwaya!

Nitalitoa kwa chama kama zawadi. Nitalisimamisha nyuma ya pale nitakaposimama mimi. Mwenye akili zake atajua pa kwenda. Nimemweleza Madamu habari ya zawadi, siyo ya upande. Amenishukuru kwa mikono miwili. Karibu nione aibu, ikapita.

Jumamosi, 25 Oktoba

Umuganda. Kazi ya pamoja, mtaa mzima upo, nafasi safi ya kuonekana. Nilichelewa kidogo ili watu waone nikifika. Buti mpya. Jado na simu yake, kazi yake picha.

Nikaukuta mtaro, nikaanza kuufukua kwa nguvu zote. Watu wakaacha kazi kunitazama. Nikazidisha! Kumbe ni shimo la barabarani ambalo Madamu na wazee walikuwa wamelifukia tangu alfajiri, wamelishindilia na mawe. Nililifukia upya peke yangu.

Picha zote ni za mgongo. Jado amesema si mbaya, kesho mgongo ndio watu watakaouona.

Jumapili, 26 Oktoba

Niandike haraka kabla mkono haujakataa.

Jua kali, kama nilivyotaka. Hema langu jeupe limesimama upande wangu. Bwana Narcisse, msimamizi kutoka Kigali, akatuweka mbele, mimi na Madamu, akatuonya tusigeuke. Watu wakaanza kwenda kwenye mistari. Nyuma yangu nikasikia miguu. Michache. Nikajipa moyo.

Mara ngurumo kutoka upande wa volkano. Matone. Kisha mvua, ile ya Oktoba isiyobisha hodi. Nikasikia miguu inakuja kwangu mbio! Kandambili, viatu vya misa, watu wanasukumana, mtu ananipumulia shingoni. Mstari gani huo! Uwanja mzima uko nyuma yangu! Machozi yakanitoka. Nikamkumbuka mama, aliyenizaa Karagwe ukimbizini akasema nitakuwa mtu. Nikaanza hotuba ya shukrani bila kugeuka. Nikaahidi barabara. Nikamsamehe Madamu hadharani. Wakapiga makofi, sijui kwa hotuba au kwa baridi.

Mvua ikakatika. Narcisse akatangaza kila mtu arudi kwenye mstari wake, ahesabiwe.

Nikasikia miguu inaondoka. Ikaondoka, ikaondoka.

Niliporuhusiwa kugeuka, nyuma yangu alikuwa mzee Viateur, amelala kwenye kiti changu cha harusi. Narcisse alimhesabu hivyo hivyo. Mstari wa Madamu ulifika mpaka getini. Jado alikuwamo, akaangalia viatu vyake. Na mbele kabisa Illuminée, ameloa chapachapa. Mvua yote alikuwa amesimama palepale, amemshikia Madamu mwavuli. Ulikuwa mwavuli wangu.

Madamu akasema jambo la kwanza atakalolipeleka Kigali ni chumba cha watoto wa wavuka mpaka, na Illuminée atafuatana naye kulieleza. Wauza nyanya wakapiga vigelegele. Illuminée alilia. Mimi pia nililia, kwa sababu zangu. Niliumia sana.

Watu walipokwisha ondoka, Illuminée alikuja kunisaidia kukunja hema. Akasema taratibu: “Mi nilikuambia tangu mwanzo, kaka. Nilitaka fasi ya batoto. Kiti ilikuwa ya kwako.” Tukakunja mpaka mwisho.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimeamka nimeelewa kila kitu. Tumeshinda!

Nani aliunda mrengo? Mimi. Wazo la chumba lilitajwa wapi mara ya kwanza? Kwenye Fanta yangu. Chama kizima sasa kinafuata njia ya Mrengo wa Kimaendeleo, na Madamu Verediane ni mbebaji tu wa mzigo wetu. Nimemweleza Mutesi. Akauliza kwa nini basi anayekwenda Kigali ni Illuminée. Nikamjibu kwamba Illuminée amelegea, amekuwa mtu wa wakubwa. Mutesi akaenda kuanika hema.

Kwa hiyo asubuhi hii nimeunda Mrengo wa Kimaendeleo wa Kweli, ndani ya Mrengo wa Kimaendeleo. Wanachama ni mimi na mzee Viateur, ambaye bado hajaambiwa.

Kosa la jana nimeliona, nalo ni moja tu. Hema halikuwa na kuta. Nimeagiza jingine, lenye kuta pande zote na mlango mmoja. Mlangoni nitasimama mwenyewe.