Mfano Halisi wa Senene

Jumatatu, 11 Novemba 2024
Kwetu Bukoba senene wameanza kuangukia taa. Mimi niko Bariadi. Nilikuja kwa uhamisho wa muda mfupi, nimestaafia hapahapa. Tangu dada yangu Specioza afariki, hakuna wa kunitumia hata kijiko kimoja.

Ila nina mpango! Darasa la ujasiriamali ninalofundisha watu wazima tangu nistaafu linataka mifano halisi. Nitafundisha biashara ya senene ya Specioza: alivyonyonyoa, alivyokaanga, alivyofungasha. Mwanafunzi mmoja akiiga, nimekula.

Jumanne, 12 Novemba
Nilipofika kwenye kunyonyoa mabawa, nikageukia ubao, nikafuta pasipoandikwa kitu. Wakadhani ni mbinu ya kufundishia. Makofi!

Mektilda, mwanafunzi wangu anayeuza viazi vikavu, michembe, pale sokoni, akauliza kama hao si panzi tu. Nikamjibu ni panzi kama ng'ombe alivyo mbuzi. Ngeleja, mwalimu wa darasa la jirani, ambaye mfano wake ni pamba mwaka mzima, akachungulia dirishani: babu, wiki ijayo tuletee na mende. Mshamba!

Alhamisi, 14 Novemba
Ushindi! Mektilda ameagiza ndoo nzima ya senene, inakuja Jumamosi na basi la Bukoba. Nimenunua ndizi za kupika. Si za kwetu, lakini zitasindikiza.

Jumamosi, 16 Novemba
Sikwenda stendi. Mwalimu hakimbilii mzigo. Nilipofika sokoni kwa mwendo wa heshima, ndoo tupu.

Mektilda anameremeta. Alifuata somo: mteja aonje kwanza. Vijana wa bodaboda walianza kwa kucheka, wakamaliza kwa kugombania. Mafungu ya mwisho kachukua Ngeleja! Mdomo umejaa, ananiambia hawa jamaa zangu wanazishinda karanga.

Nikauliza, kama utani, iwapo nilibakiziwa. Mektilda akashtuka. Mwalimu si ulisema bidhaa haiwekwi kando kwa ajili ya jamaa? Nilisema. Ubaoni, nikapigia na mstari.

Nikainamisha uso ndani ya ndoo. Chumvi, mafuta, mvua ya kwetu. Nilikawia humo.

Akaniuliza taratibu: babu, kumbe na wewe ni mteja?

Nikajibu mimi ni mwalimu.

Jumapili, 17 Novemba
Mektilda kanifuata baada ya ibada. Anaagiza tena, aniwekee bakuli? Nimekataa. Kanuni ni kanuni. Akaondoka akitikisa kichwa.

Sijalala mchana, nawaza. Kosa lilikuwa bidhaa! Senene wanapendwa mno. Kesho nafundisha mfano halisi wa kahawa ya kutafuna, ile ya kwetu Bukoba. Hiyo hapa hawataigusa. Itabaki yote.