Vishimo vya Saa Kumi Alasiri

Jumatatu, 6 Novemba

Leo imethibitika tena kwamba chuo hiki kingekufa bila mimi. Asubuhi boila, ule mtambo wa kupasha majengo joto, iligoma. Nikaipiga teke moja tu, mahali ninapopajua mimi peke yangu, ikanguruma kama dubu aliyeamshwa. Maprofesa na wanafunzi wote wakapata joto. Shukrani? Hakuna. Nimezoea.

Sisi wafanyakazi tunaruhusiwa kusoma somo moja bure kila muhula. Nimechagua biolojia ya pwani, kwa kuwa nimezaliwa kwenye hii Ghuba ya Fundy na sioni nani atanifundisha habari zake. Shule niliiacha darasa la kumi. Tuseme tuliachana kwa amani.

Darasani tuko wanane tu. Ndivyo chuo chetu kilivyo: ukipiga chafya, profesa anakuuliza kama mama yako naye ana mafua. Leo Profesa Thibodeau katwambia tujigawe wawili wawili, twende topeni tukahesabu vishimo vya kamba, wale wadogo kama punje za mchele. Siku tatu, Jumatano hadi Ijumaa, maji yakipwa. Miraba kumi kwa siku kila mtu, kila mmoja unapimwa kwa kuweka fremu ya mbao juu ya tope. Ripoti moja kwa wawili, alama moja.

Nikageuka kutafuta mwenzangu. Ghafla kila mtu kainama kufunga viatu! Akabaki Noelle, mtoto wa dada yangu Verna. Yeye alikuwa amevaa buti za mpira, hana cha kufunga.

Noelle anataka kitu kimoja tu hapa duniani: nafasi ya kufanya utafiti na Profesa Thibodeau kiangazi kijacho. Chuo chetu hakina wanafunzi wa shahada za juu, kwa hiyo hawa watoto wa shahada ya kwanza ndio wanaobeba ndoo na darubini za maprofesa. Nafasi ni moja, na ripoti hii ndiyo itakayoamua. Akikosa, anarudi kukaanga samaki kwenye kile kibanda cha barabarani. Mwaka huu nywele zake zilinuka mafuta mpaka majani yakaanza kupukutika.

Akaniambia, "Mjomba, nakuomba jambo moja tu. Usiwe na mpango."

Mimi! Mpango! Nimeumia sana.

Jumatano, 8 Novemba

Maji yalipwa saa nne kasorobo asubuhi. Noelle kachukua upande wa magharibi, mimi upande wa gati la zamani. Katikati kuna kona, hatuonani. Nikasimama juu ya tuta. Upepo unakata masikio. Nikaliangalia tope, tope likaniangalia.

Nalijua hilo. Mwaka wa tisini na nane lilimeza trekta ya marehemu baba, nzima nzima, na baada ya wiki mbili likatema usukani. Nilishuhudia kwa macho yangu. (Haikuwa trekta kubwa.)

Nikawaza kizalendo. Nikizama leo, boila nani ataipiga teke? Nikarudi nyumbani kwa usalama wa chuo kizima. Nikala supu ya samaki na viazi, bakuli mbili, nikalala.

Niliamka saa kumi alasiri, nikaandika namba zangu kumi. 42, 40, 44, 41... Namba safi, zimejipanga kama meno ya bandia. Karatasi ina nafasi ya kuandika saa. Nikaandika saa kumi alasiri. Mimi si mwongo. Ndiyo saa niliyoziandika.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimefanya kama jana. Usingizi wa leo ulikuwa mtamu zaidi.

Ila kuna Cyril Estabrooks. Huyu ni mstaafu wa posta, miaka sabini na moja, naye yumo darasani mwetu. Alisambaza barua za mji huu miaka arobaini, na mimi nina hakika alizisoma zote. Kanikuta mlangoni mwa maabara, tope limempanda mpaka mapajani, kafurahi kama mtoto. Akaniangalia miguuni. "Delmar," akasema, "buti zako zinang'aa, bwana. Umehesabu kwa kuruka?"

Nikacheka kwa heshima. Kisha mbio jikoni bwaloni. Nikachanganya molasi, unga na mashapo ya kahawa. Nikazipaka buti mpaka magotini. Rangi ileile! Hata mimi nilishtuka. Nikarudi maabara nikitembea polepole kama mtu aliyechoka na sayansi.

Sikumkumbuka Moxie. Moxie ni mbwa wa Profesa Thibodeau, mkubwa kama kochi, hulala mlangoni hapo siku nzima. Akaamka. Akanusa. Akaanza na buti ya kushoto, akamaliza, akahamia ya kulia. Hakuacha hata tone. Darasa zima likasimama kutazama. Cyril akanong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka ghorofa ya pili: "Tope la upande wako tamu, Delmar. La kwangu hata mbwa halitaki."

Baadaye Noelle kaniuliza kama kweli nilishuka topeni. Nikamwambia namba zipo. Zipo kweli.

Ijumaa, 10 Novemba

Cyril anatangaza bwaloni kwamba mraba wake mmoja umetoa vishimo sitini. Sitini! Basi wangu leo umetoa themanini na nane. Siwezi kushindwa na mtu wa posta.

Jumanne, 14 Novemba

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi. Nitajaribu.

Tuliwasilisha. Noelle alianza, alisema vizuri, nikajivuna kama mimi ndiye niliyemzaa. Kisha Profesa Thibodeau akachukua karatasi zangu, akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Gati la zamani. Tarehe nane, saa kumi alasiri. Tarehe tisa, saa kumi alasiri. Tarehe kumi...

Binti mmoja nyuma akaguna. Halafu kijana mwingine akajifunika uso kwa daftari.

Sikuelewa. Nilidhani ni wivu wa ile themanini na nane.

Profesa akauliza, kwa upole ambao ni mbaya kuliko matusi, kama nilikuwa na uhakika na saa. Nikasema uhakika kabisa, ninayo saa ya marehemu baba. Ndipo Cyril akanyanyua mkono, akataka kujua kama nilitumia nyambizi.

Saa kumi alasiri! Gatini! Wiki nzima ile maji yalikuwa yamejaa saa hizo. Mita kumi na mbili za maji! Mtoto wa miaka minne hapa mjini hakosei hilo. Jedwali la maji kujaa na kupwa liko kwenye friji ya kila nyumba, hata kwangu, chini ya sumaku ya kamba-mti. Mimi niliyezaliwa na ghuba hii! Nikajitetea kwamba nina pumzi ndefu. Haikusaidia.

Profesa akasema ripoti ni moja na alama ni moja. Sifuri. Kwa wote wawili. Na kwa ile nafasi ya kiangazi, jina linaloongoza sasa ni la mwenza wa Cyril.

Noelle hakunikaripia. Ningependa angenikaripia. Alikusanya karatasi zake, zina madoa ya tope kila kona, akanipita koridoni. Kisha akarudi hatua mbili. "Mimi niliamka, Mjomba," akasema. "Siku zote tatu. Niliamka."

Supu imenishinda leo.

Alhamisi, 16 Novemba

Nimepata njia! Nitamwokoa mtoto.

Mpango, ingawa siuiti mpango: nafunga bomba la joto la ofisi ya Profesa Thibodeau. Anatetemeka. Anaita fundi. Fundi ni nani? Mimi. Naingia na kisanduku changu, namrudishia joto, naye kwa shukrani anafuta ile sifuri.

Nikashuka chini saa tatu. Nikafunga. Nikasubiri simu.

Simu ikalia. Ikalia tena. Ikalia mara kumi na saba. Nilikuwa nimefunga bomba la maktaba. Wanafunzi wamejifunga mablanketi, mkutubi kavaa glavu, mmoja anasoma huku kakumbatia mashine ya kunakili. Na Profesa Thibodeau? Ofisini kwake, kavua sweta, madirisha wazi. Joto lote lilikuwa limekwenda kwake!

Nikaenda kufungua. Nikamkuta amesimama kando ya bomba na Moxie. Ndicho chuo kidogo hiki, huwezi kuficha hata aibu. Nikamwambia kila kitu. Gati, usingizi, molasi, bomba. Sijui kwa nini, ulimi wenyewe ulikwenda. Nikamwambia Noelle hakujua, aniadhibu mimi.

Akasema Jumatatu maji yatapwa saa moja na robo asubuhi. Nirudie miraba yangu yote thelathini kwa mkupuo mmoja, Noelle akiwepo, kama atakubali kuja. Na ripoti iandikwe upya.

Nikampigia Noelle. Akasema: "Nakuja. Lakini ukitamka neno mpango, nakuacha hukohuko."

Jumatatu, 20 Novemba

Baridi ya kung'oa kucha. Tulishuka kabla jua halijatoka. Miraba saba ya kwanza nilihesabu kishujaa. Vishimo vinne. Kumi na moja. Sifuri. Tisa. Thelathini na mbili. Namba mbaya, hazina adabu, hazifuatani. Wa nane, tope likanishika.

Magoti. Mapaja. Nikavuta, likavuta. Nilimwambia Noelle aende tu, amwambie Verna kwamba kaka yake alikufa akihesabu. Akasema nilale kifudifudi na niache kelele. Akaanza kuniwekea ile fremu ya mbao popote mikono yangu ilipofika, mbele, kushoto, kulia, nami nikahesabu nikiwa nimelala, kidevu kimegusa tope. Tukafika miraba kumi na tisa namna hiyo.

Pale chini, hakuna mtu, nikamwambia nimemkosea. Hakunitazama. Akasema, "Soma namba, Mjomba." Lakini alisema taratibu.

Maji yakaanza kurudi. Hayabishi hodi, haya maji yetu. Nani katokea juu ya tuta na mbao mbili begani? Cyril. Kalalia mbao, kanishika makwapa, kanivuta kama kifurushi kisicho na anwani. Buti moja imebaki chini. Mimi sikuondoka. Kwa mguu mmoja wa soksi nikahesabu ile kumi na moja iliyobaki, ufukweni kuelekea juu, huku bahari ikinifuata. Cyril akabeba ndoo. Hakusema neno la kuudhi mpaka tulipofika barabarani, na hapo alisema manne.

Jumatano, 29 Novemba

NAFASI NI YA NOELLE!

Verna kalia kwenye simu. Mimi nilikuwa na vumbi jichoni, pale kwenye boila.

Profesa alisema ripoti za wengine ni nzuri, lakini ya Noelle ina kitu cha ziada. Noelle hakuzitupa namba zangu za uongo. Aliziweka kando ya zile za kweli, akaonyesha jinsi mtafiti anavyoweza kutambua hesabu za kubuni: ni safi mno, zinakaribiana mno, tope halina tabia hiyo. Kurasa sita. Profesa anataka kuzifundishia kila mwaka.

Nimezisoma mara tatu. Zinanihusu mimi mwanzo hadi mwisho.

Sasa nauliza kwa unyenyekevu: ningeshuka topeni siku ya kwanza kama kondoo, Noelle angeandika nini? Namba za uongo nilizitoa wapi? Kichwani mwangu! Kwa hiyo nafasi ile ni kazi ya nani?

Nimemweleza Cyril hesabu hii bwaloni. Alisogeza kiti chake mbali nami.

Ijumaa, 1 Desemba

Nimejiandikisha kwa muhula ujao: elimu ya nyota. Nyota hazipwi wala hazijai. Noelle naye yumo. Tulipoambiwa tuchague wenza alinichagua mimi mwenyewe, mbele za watu, na alikuwa amevaa viatu vya kufunga kamba. Akaniuliza tu kama nina mpango wowote. Nikamtazama usoni nikamwambia sina.

Na sina. Kazi imeshakwisha. Tunatakiwa kuandika hali ya anga kila siku mwezi mzima wa Februari. Nje theluji inapiga dirisha, nami niko mezani na supu yangu, nimejaza karatasi yote, tarehe mosi hadi tarehe thelathini. Anga safi, kila siku.