Ndege Haimwachi Bibi Harusi

Alhamisi, 7 Agosti

...na ndiyo maana nilimjibu Wifi kwamba ndege ya moja kwa moja ni ya watu waliochokana. Sisi tuna majuma mawili tu ya ndoa! Aliyekaa ubavuni mwa Laazizi wangu ana haraka gani? Tiketi hii nimeichagua mwenyewe: tunashuka nchi ya watu, tunasubiri ndege nyingine siku mbili. Fungate ya bure! Wifi, dada mkubwa wa Laazizi, mjuzi wa mambo yote likiwemo lisilomhusu, alicheka akashika mbavu. Akasema Jumapili mchana wajomba na mashangazi wote watakuwa kwa Mama Mkwe kumwona bibi harusi, na bibi harusi hatafika. Tutaona!

Kufika ni lazima. Mama Mkwe alivunjika mguu wiki ileile ya harusi. Sherehe nzima aliisikiliza kwenye simu, masikini, vigelegele na jenereta. Ombi lake ni moja tu: anione kwa macho yake ndani ya lile gauni la harusi. Kwa hiyo masanduku tumeyaacha yaende yenyewe hadi mwisho wa safari. Gauni nimelipakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Ushindi wa kwanza leo! Dada wa kaunta uwanjani alitaka kutuelekeza kwenye viti vya chuma. Sikubishana. Nilifungua mfuko, nikatoa ncha ya shela, nikamtazama tu. Akapiga simu. Hoteli! Kitanda kipana, mapazia mekundu, kiyoyozi kinachokoroma. Laazizi ni fundi wa majokofu. Alipanda kiti akakitibu papo hapo. Jamani, mume nimepata.

Nimefua nguo yangu ya safari. Yote. Kwa makusudi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nguo haijakauka! Bahati mbaya iliyoje! Sina vazi lingine isipokuwa gauni.

Laazizi aliuliza, kwa upole wake ule, kama si vizuri kulitunza kwa ajili ya mama. Nikamwambia nitalivaa mara moja tu, tena nitatembea kwa kunyata. Akasema mama yake hata akiwa mbali huona uzi uliochomoka. Nikambusu. Mjadala ukafungwa.

Lo, siku ya leo! Tulipoingia kula, sauti za vijiko zilinyamaza. Wapishi walitoka jikoni kuchungulia. Tukapewa meza ya dirishani, kisha keki, kisha keki nyingine. Mzee mmoja wa meza ya pili akatuletea juisi mwenyewe, akamwambia Laazizi maneno marefu ambayo hatukuyaelewa hata moja. Laazizi anadai mzee alikuwa anampa pole. Utani huo!

Lifti imeuma mkia wa gauni. Kipande kidogo, kama cha leso. Laazizi hasafiri bila utepe wake mweupe wa umeme. Wenzake hubeba manukato. Alipiga magoti kwenye korido akaunganisha. Haionekani, ukisimama mbali.

Jioni bustanini baiskeli ikala kipande kingine. Mwenye baiskeli aliomba radhi hadi nikamwonea huruma. Utepe tena. Laazizi akashauri nibadilishe. Nikamkumbusha kwamba nguo ya safari bado mbichi. (Niliichovya tena majini kabla ya kutoka. Mapenzi yana mbinu zake.)

Magari yalitupigia honi barabara nzima. Wifi alipigiwa honi lini? Labda akiwa katikati ya njia.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya kuondoka. Ndege alasiri. Laazizi alitaka twende uwanjani asubuhi, tukae. Tukae! Mji mzima unatungoja! Nikaomba matembezi mafupi tu, na mkono wake nikaushika kwa namna ninayojua mimi.

Ndipo nikaiona foleni. Jengo kubwa, ngazi za mawe, na watu wamejipanga hadi barabarani. Kwetu hatujawahi kupita foleni tukaiacha. Mama alitulea hivyo: jipange kwanza, uliza baadaye. Kwa njia hiyo tumepata masufuria, chanjo na baba wa kambo. Na foleni hii ilikuwa ya maharusi watupu! Mashela, maua, wapiga picha wanarukaruka. Ilikuwa kama imeandaliwa kwa ajili yangu! Tukajipanga. Laazizi akauliza tunangoja nini. Nikamwambia kwamba anayeuliza mwisho hupata mwanzo. Akasema haelewi maana yake. Hata mimi sikuelewa, ila nililisema vizuri.

Mbele yetu alisimama bibi harusi mmoja mwenye mkia mrefu kupita kiasi, umebebwa na wasichana. Nikampa jina Bi Mkia. Alitazama utepe wangu, akatazama pembeni. Nikainua kidevu. Lake limetoka dukani. Langu limesafiri!

Foleni ikajikokota kama konokono mwenye mawazo. Laazizi hakuondoa macho kwenye saa ya ukutani. Nikamtuliza: ndege haimwachi bibi harusi. Akauliza nani kasema. Nikamwambia kila mtu anajua.

Hatimaye, mezani! Mzee mwenye mshipi wa rangi begani alitusomea jambo kwa sauti nzito. Laazizi akatikisa kichwa kukubali. Nikatikisa na mimi. Jambo zuri kiasi gani! Akaashiria tumpe karatasi. Nikampa pasi zetu, tiketi zikiwa ndani. Mzee akasoma tiketi. Akatazama saa. Akavua miwani. Akamwita mama wa meza ya jirani aliyejua lugha yetu kidogo, na yule mama akatueleza kwamba hapa ni mahali pa kufungishwa ndoa. Akasema: "Wanangu, kama hamjaoana, kaeni. Kama mmeoana, kimbieni."

Tulikimbia. Ofisi nzima ilipiga makofi! Mkia uliobaki ulinaswa na mlango wa teksi, ukabaki nayo.

Ndege tuliiona. Ilikuwa juu.

Jumapili, 10 Agosti

Mapazia yaleyale mekundu. Dada wa kaunta alipotuona alipiga simu hotelini bila kuuliza.

Wifi alipiga mchana, nyuma yake vicheko. Akanipasha habari kwamba masanduku yetu yamefika salama, yeye mwenyewe kayapokea. Lile kubwa wamelikalisha kwenye kiti cha bibi harusi. Limewekewa ua. Mjomba ameshalihutubia kuhusu uvumilivu katika ndoa, na limemsikiliza kuliko wake zake wote. Kisha akauliza, eti wifi yangu kipenzi, ndege imewaacha au mmeiacha? Nikamjibu kwamba nusura nifunge ndoa mara mbili na mwanaume mmoja, jambo ambalo wengine hata mara moja limewatoa jasho. Upesi akampa mama simu!

Vicheko vikakoma. Mama Mkwe alisema amevaa tangu alfajiri. Amekaa mlangoni, mguu juu ya kigoda, na kila gari likipita anaweka kilemba sawa. Kisha akasema: "Mwanangu, mimi mwenye mguu mmoja nimefika mlangoni. Wewe mwenye miwili na mabawa umekwama wapi?"

Nikalia kweli, si kwa mbinu. Nikamwambia gauni limechanika. Akasema nije hata na tambara, mradi nije.

Mama gani huyu! Nikajifuta machozi nikaenda mbio uwanjani kwa dada wa kaunta. Laazizi alikuwa jikoni hotelini. Mpishi mkuu alimwomba atazame chumba cha baridi, na naambiwa sasa wanamwita "daktari". Kwa hiyo niliamua peke yangu. Dada alisema ipo ndege ya kesho asubuhi, moja kwa moja. Nikafungua mdomo kusema ndiyo. Halafu akataja nyingine, ya wiki ijayo, inayoshukia nchi ya milima. Kusubiri siku nne. Kuna theluji.

Theluji! Laazizi wangu ametengenezea watu barafu maisha yake yote, wala haijamwangukia hata siku moja. Nani atamwonesha kama si mkewe? Na Mama Mkwe mwenye jicho lile anione na utepe wa umeme? Haiwezekani! Siku nne zinamtosha fundi cherehani yeyote kunishonea mkia mpya, mrefu kuliko wa Bi Mkia. Tena kule, nasikia, kuna foleni nzuri.

Nimechukua hiyo. Laazizi nitamwambia akishiba.

Nimempigia tena Mama Mkwe. Nimemsihi asikae mlangoni, upepo mbaya kwa mguu. Nimemwapia kwa mapenzi ya mwanawe: kabla mwezi huu haujaisha tutabisha hodi kwake, na tukishakaa ndani, mkia wa gauni utakuwa bado unaingia.