Togwa la Dija na Vidonge vya Rangi Mbili

Jumatatu, 4 Machi 1974
Kipenzi changu Dija, mjukuu wangu wa miaka miwili, kaharisha. Kidogo tu. Kabla sijavaa kofia, bibi yake mzaa baba, Bi Mwanamkasi, keshafika na chungu cha togwa, ule uji wake wa kuchachuka. Nani kamwita? Mtoto atapona kwa mkono wangu, si wake! Nikapasua kidonge kimoja cha vile vya rangi mbili, vya kuua vijidudu, nilivyonunua Chalinze kwa utingo wa lori, nikakoroga katika uji. Mama yake, binti yangu Zaina, hakuona.

Jumanne, 5 Machi
Kapoa! Nimepita barazani kwa Bi Mwanamkasi kifua mbele, nikamsabahi kwa madaha. Kaitikia puani. Raha iliyoje! Nikampa mtoto kidonge kingine, cha kukazia.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Dija anahara maji matupu. Macho yamezama, hana nguvu hata ya kunivuta ndevu. Nimeogopa, Wallahi nimeogopa. Tukamkimbiza zahanati. Zaina kaniona mfuko umetuna, kavitoa vidonge mbele za watu. Bwana Mrisho, mganga, kanisema mpaka nikawa mdogo. Eti tumboni mwa mtoto mna vijidudu wenyeji, wema kabisa. Wale wageni waletao kuharisha wakiwakuta, hukaa kwa adabu. Mimi na vidonge vyangu tumewaua wenyeji. Wageni wamekuta nyumba tupu, wamekuwa wakali. Kaagiza maji ya chumvi na sukari, na togwa, maana nalo lina vijidudu wema, ndio wanaolichachua.

Togwa! Na Bi Mwanamkasi kasimama pale pale, anasikia!

Jumamosi, 9 Machi
Dija kanywa togwa, kalala, kaamka, kanivuta ndevu. Alhamdulillahi! Nikatokwa machozi, nikasingizia moshi. Moto wenyewe haujawashwa. Bi Mwanamkasi kanipa ncha ya kanga yake nijifute, wala hakunicheka. Mama mwema yule, basi tu ana kiherehere.

Jumapili, 10 Machi
Nimewaza sana. Togwa lina vijidudu, kasema mganga mwenyewe. Nani kawapima kama ni wema wote? Zaina kachukua vidonge vya mfukoni, hajui vya kwenye kofia. Nikatia kimoja katika chungu kipya cha Bi Mwanamkasi, kusafisha. Kwa mapenzi tu!

Jumanne, 12 Machi
Togwa limegoma kuchacha. Bi Mwanamkasi haamini macho yake, kawamwagia kuku. Ufundi umemwishia, masikini, nimempa pole. Jioni kuku wake wote wanaharisha. Roho imeniuma.

Bahati nzuri kofiani kimebaki kidonge kimoja.