Grisi ya Mjane

Bwana Laini, mchuuzi wa lenzi kuukuu, aliiona lenzi ile kwenye dirisha la karakana ya mjane wa fundi kamera, moyo ukamruka. Ilikuwa lenzi ya zamani, nzito, yenye vioo safi. Mpiga picha za harusi wa mtaa wa juu alikuwa akiitafuta kwa udi na uvumba. Akaingia, kamera yake ikining'inia shingoni kama kawaida, akaishika lenzi, akazungusha pete ya kulengea. Ikazunguka kwa shida, kama mtu aliyeamshwa mapema. Laini akafurahi kimoyomoyo. Grisi imekauka, basi! Ataiosha kwa petroli, atapaka mpya, na kazi itakuwa imekwisha.

Usoni, hata hivyo, alivaa msiba.

"Pole sana, mama. Hii imekufa."

"Imekufa kabisa, mwanangu?" mjane akauliza, huku akiendelea kufuta vumbi mezani.

"Kabisa. Chuma kimeshikana. Lakini mimi nina huruma, huo ndio ugonjwa wangu. Nipe hiyo, nikupe hii yangu. Jaribu mwenyewe."

Akampa lenzi ndogo ambayo pete yake iliteleza vizuri mno. Ingekosaje kuteleza? Asubuhi ile alikuwa ameishindilia grisi ya baiskeli. Grisi hiyo ikipata joto, mafuta yake hujitenga na kutambaa hadi kwenye vibati vyembamba vinavyopunguza mwanga, vikagandana. Laini alilijua hilo vizuri. Wateja wawili walikwisha kumrudishia lenzi hiyo, mmoja wao akiwa na rungu.

Mjane aliizungusha, akanusa kidole.

"Haya, tubadilishane. Mungu akuzidishie huruma."

Laini akatoka akipiga mluzi. Wajanja wengi wameponzwa na mluzi, lakini nani wa kuwaambia?

Nyumbani aliifungua lenzi, akaiosha kwa petroli hadi nyuzi za chuma ambazo pete huzungukia zikang'aa, akaiunga tena. Pete ikacheza kushoto, ikacheza kulia, kioo kikayumba kama jino la babu. Nyuzi zilikuwa zimelika siku nyingi. Kilichozishikilia ni grisi nzito, iliyochaguliwa na mtu anayeijua kazi, na Laini alikuwa ameimwaga yote kwenye mtaro. Akajaribu ile ya baiskeli. Lenzi ikayumba kwa raha zaidi. Na mpiga picha, mtu wa mwili na hasira ambaye Laini alikwisha kumwahidi lenzi, alikuwa aje kuichukua jioni ile ile.

Akarudi mbio. Alimkuta mjane ameifungua lenzi ndogo, kila kibati kimeoshwa na kupangwa juu ya kitambaa.

"Mama, umenitapeli!"

"Mimi? Wewe ndiye uliyesema imekufa, mimi nikakuamini." Akapuliza kibati kimoja. "Hii yako nzima, mwanangu. Ilikuwa chafu tu."

"Basi nipe ile grisi nzito. Kidogo tu, mama. Yule bwana ataniua."

"Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa maneno na wateja. Grisi nilichagua mimi, miaka thelathini. Na kopo limebaki moja." Akaitazama kamera iliyoning'inia shingoni mwa Laini, ile iliyomfungulia kila mlango mjini. "Hiyo itatosha."

"Mama, hii ndiyo kazi yangu!"

"Na grisi ndiyo yangu."

Laini akaivua kamera taratibu, machozi yakimlengalenga. Mjane akachota grisi kwa ncha ya kisu, kiasi cha punje ya harage, akaifunga kwenye karatasi na kumkabidhi kwa mikono miwili.

"Usipake nyingi," akamuusia. "Na umwambie asije akaiosha."