Shamba Namba 47 Halina Kiu

12 Agosti 1997

Kwa Bwana Waliaula,
Afisa wa Maji,
Skimu ya Mpunga ya Kodero,
Kisumu.

Mheshimiwa Bwana Waliaula,

Nakusalimu kwa heshima, na kupitia kwako naisalimu setilaiti, ambayo sijapata bahati ya kuonana nayo. Mimi ni Dorca Adero, mjane wa Walter Amolo, wa shamba namba 47. Jumatatu mlango wa maji wa shamba langu ulifungwa kwa kufuli. Mtaalamu wako kijana alinieleza kwa upole kwamba setilaiti hupima maji yanayopaa hewani kutoka udongoni na majanini, na hivyo hujua mmea upi unakunywa. Kwangu haikuona kitu kikipaa. Kwa hiyo shamba langu halina kiu.

"Mama, kompyuta haidanganyi," alisema.

Nilimshukuru. Niliishi miaka thelathini na moja na mtu aliyepima kiu ya mpunga kwa kuchomeka kidole gumba kwenye tope, na sasa naona jinsi tulivyopotea.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Picha ilipigwa tarehe tisa Juni. Walter tulimzika tarehe saba. Desturi yetu unaijua: mjane hashiki jembe mpaka matanga yaishe, na wake za wanangu hawawezi kupanda kabla yangu. Mashamba matatu yakakaa matupu. Setilaiti ilipita bila kupiga hodi, ikaona udongo mkavu, ikaamua hatuhitaji maji. Wengine waliopita kwetu siku zile walileta angalau sukari.

2. Maji yangu sasa yanakwenda upande wa chini, mfereji ulikoziba, ambako kompyuta imeona zao lenye afya kuliko yote ya skimu. Zao hilo ni gugumaji. Nalipongeza. Halikupaliliwa, halikutiwa mbolea, wala halijahudhuria mkutano wako hata mmoja. Jirani yangu Lornah hupita akicheka: "Adero, bado unahangaika na mchele? Pika gugu, ndilo serikali inalonyweshea!"

3. Nimeitafakari elimu hii nikaona inafaa kuenea. Mgonjwa wa hospitali ya Kombewa anayeshindwa kula apokonywe sahani, maana imeonekana hana njaa. Mtoto asiyejua kusoma asipewe kitabu. Na ofisi yako ipigwe picha kutoka juu saa nne asubuhi. Pasipoonekana jasho likipaa, chai isipelekwe.

4. Hili si la mzaha. Matanga yalikwisha Julai. Nikasia mbegu kitaluni, na leo miche ina siku ishirini na sita. Ni lazima ihamishiwe shambani kabla ya Jumapili, na mpunga hauhamishiwi vumbini. Ikizeeka kitaluni, msimu umekwenda, na wake wawili wa wanangu wanaonisubiri watakosa pamoja nami. Huu ni mpunga wa kwanza ninaopanda bila yeye. Sitaki ushindwe.

Naomba basi kufuli litolewe Alhamisi. Ikishindikana, njoo mwenyewe, uvue viatu, uingie 47 ukakanyage. Mguu wako nitauamini kuliko picha.

Wasalimie wote ofisini: mtaalamu wako, karani Nelima, na mzee Ochieng wa mlango wa maji, aliyefunga kufuli lile akitazama pembeni. Wasalimie pia nyumbani kwako, mama na watoto.

Wako mtiifu,
Dorca Adero

Nyongeza: Nilipoleta barua hii ofisini, Nelima aliniambia kwamba picha za miaka iliyopita zimehifadhiwa. Nikarudi nayo nyumbani, nikakaa nayo siku nzima. Bwana Waliaula, kama ipo ya Oktoba mwaka jana, nakuomba unionyeshe, hata kama kufuli litabaki. Nelima anasema watu hawaonekani kutoka kule juu. Si kitu. Kijani cha 47 mwaka ule kilikuwa kazi ya Walter, na mimi nitakijua. Niliyoandika juu ya setilaiti yafute. Tafadhali nikumbuke.